Mmarekani wa Mtaa wa Mkunguni

Shemeji yangu Theophil ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu nikishaanza sitapata nafasi ya kulisema tena. Hanywi kupita kiasi, hajawahi kumpigia mtu kelele, Jumapili anafika kanisani kabla ya padre, na duka lake la vyombo pale Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, limesomesha watoto wake na wa ndugu zake. Alimwoa dada yangu Severa wakati mimi bado navaa sare za shule, na sijawahi kumsikia akimtukana. Ila Mungu hampi mtu vyote. Akili za biashara alimpa, na gari la Kimarekani akaliacha limwingie kichwani.

Gari lenyewe linaitwa Brannock. Usijisumbue kukumbuka kama umewahi kuliona, hujaliona. Theophil alilinunua kwenye mnada, mradi mmoja wa wageni ulipofunga ofisi yake hapa mjini. Watu wenye akili zao walinunua viti, makabati na jenereta. Yeye akarudi Kariakoo na jitu jeusi, pana kuliko mlango wa stoo, usukani uko kushoto. Wamachinga walilibatiza Mmarekani siku hiyo hiyo, na asubuhi yake walilisukuma kwa mara ya kwanza.

Huo usukani wa kushoto ni kesi inayojitegemea. Kwetu tunaendesha kushoto mwa barabara na dereva anakaa kulia, ili akitaka kulipita lori aone kinachokuja. Kwenye Mmarekani dereva anakaa upande wa majani. Haoni chochote isipokuwa makalio ya lori lililo mbele yake. Anayeona ni abiria. Kwa hiyo safari zote za kwenda Moshi dada yangu hakuwahi kusinzia hata kidogo. Anachungulia, anasema, "Subiri. Subiri, lipo basi. Bado. Haya, pita sasa." Kutoka Chalinze mpaka Himo, mama mzima, mwenye wajukuu, kazi yake ni kuwa jicho la mtu mwingine.

Na safari hizo hazikwepeki. Mchaga wa Dar asipoonekana nyumbani Desemba watu wanaanza kuulizana kama anaumwa au amefilisika. Sisi wenyewe tunaita kwenda kuhesabiwa. Basi kila Desemba Theophil alikwenda kuhesabiwa na Mmarekani wake, na kila Desemba Mmarekani alipata mahali pa kuzimia. Korogwe wanamjua. Same wanamjua. Kuna mama ntilie wa Mkomazi anamwita kwa jina na kumuulizia hali ya watoto.

Ukimwambia Theophil gari limekufa, hakujibu habari za gari, anakusimulia kampuni. Mwanzilishi, Elias Brannock, alikuwa akitengeneza mikokoteni ya kubebea maziwa huko Ohio. Akaweka injini kwenye mkokoteni mmoja, watu wakamcheka, kisha wakapanga foleni. Benki zikamnyang'anya kiwanda, vita vikamrudishia kwa sababu jeshi lilitaka malori. Ikaja miaka ya neema, magari marefu yenye mikia, kila daktari wa Marekani anataka Brannock. Halafu wajukuu wakagombana, mmoja akauza hisa zake akiwa amelewa, kampuni ikawa inapita mikononi mwa huyu na yule mpaka geti likafungwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne sijui historia ya Wapare ambao ni majirani zetu, lakini ukoo wa Brannock naujua mpaka mlevi wao.

"Gari lenye historia haliwezi kuwa baya, shemeji," ananiambia, mikono imejaa oili.

"Historia haibebi abiria, shemeji," namjibu.

Ana na wenzake. Wamejiunga kwenye kundi la simu, wamiliki wa Brannock waliobaki duniani. Yumo padre mmoja wa Mbulu, daktari wa Lubumbashi, na mzee wa huko huko Ohio ambaye lake limefunikwa shuka gereji na haliendeshi kabisa. Huyo ndiye mwenye ushauri mwingi kuliko wote. Kila asubuhi wanasalimiana na kuulizana hali za magari, utadhani kila mmoja ana ndugu wodini. Padre akiandika kwamba la kwake limewaka, Theophil anamwonyesha Severa ile picha dukani huku wateja wamesimama wanataka sufuria.

Spea sasa. Mtaa wa Gerezani pale, hatua chache tu kutoka dukani kwake, kuna kila kitu ambacho gari linaweza kuhitaji, mradi gari hilo liwe Toyota. Rafiki yake mkubwa ni mzee Chandu, Mhindi mwenye duka la spea alilorithi kwa baba yake, mtu mpole asiyekula hata yai. Chandu alikwisha mwambia mbele yangu: "Theophil, mimi nina spea za magari ambayo wenye nayo walishakufa. Hili lako sina, na sitakuwa nayo. Uza chuma hiki, ndugu yangu, ununue gari." Theophil akacheka, akaagiza kifaa kutoka Marekani. Kikaja kwa meli, kikakaa bandarini hadi tukakisahau, na kilipotoka kikawa cha toleo jingine.

Hata wezi walimkoma. Waliwahi kung'oa kioo cha pembeni wakakizungusha Gerezani nzima, hakuna aliyekitaka. Mwisho wakamletea mwenyewe dukani, wanamwomba akinunue. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alikuja nyumbani anachekelea: "Mnaona? Halina mfano mjini hapa."

Haya yote tulikuwa tunayacheka. Nataka ieleweke hivyo. Tulimtania, naye akatutania, na ushemeji ukaendelea. Kilichotutoa kwenye kicheko ni kifo cha baba.

Baba yetu alifariki mwaka huu, nyumbani Kibosho, baada ya kuugua muda mfupi. Severa ndiye kifungua mimba wake. Baba alikuwa na watoto wengi lakini alikuwa na Severa mmoja. Akipiga simu Dar alianza kwake, na sisi wengine tukipigiwa ni kuulizwa Severa yuko wapi mbona hapokei. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa nane. Mimi nilipanda basi mapema nikasaidie kupika. Severa alitaka tuongozane, nikasikia kwa masikio yangu Theophil akimwambia, "Mama Aaron, mimi mkwe siwezi kwenda kumzika baba kwa basi la watu. Gari nimelifanyia sevisi. Ijumaa asubuhi tunaondoka."

Ijumaa asubuhi ikawa Ijumaa mchana, kwa sababu padre wa Mbulu alishauri kitu kibadilishwe kwanza. Jioni wakawa Mombo, gari limezima. Si kwamba liliharibika injini, hapana. Kompyuta yake ilikataa tu. Taa zinawaka, redio inaimba, gari haliendi. Basi la kwenda Arusha likasimama, konda akashuka, akawaambia ipo nafasi ya mtu mmoja. Severa akanyanyua begi lake. Theophil akasema, "Subiri kidogo, mama, fundi anamalizia. Sasa hivi linawaka." Severa akaliweka begi chini. Basi likaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi likawaka kweli, likatembea mpaka Hedaru, likazima tena.

Mimi nilikuwa uani Kibosho na simu sikioni. "Mko wapi, dada?" "Hedaru." Napiga tena. "Na sasa?" "Hedaru." Padre alikuwa na mazishi mengine Umbwe, akasubiri, akatazama saa, akasubiri tena kwa heshima ya kifungua mimba. Mwisho wajomba wakasema mwili hauwezi kuendelea kukaa juani. Tukamzika baba. Jina la Severa liliitwa aje atupe udongo wake, kwa sababu wa kwanza ndiye anayeanza, na hapakuwa na mtu wa kuitika. Akaanza mdogo wetu wa kiume.

Waliingia jua likielekea kuzama, watu wanakula. Severa alikwenda moja kwa moja kwenye lile tuta la udongo lenye maua na akakaa chini, na kanga yake na yote. Na shemeji yangu, mtu mwema, unajua alifanya nini? Alifungua boneti. Pale pale uani, mbele ya matanga. Alikuwa anawaonyesha wajomba kitu kinaitwa sensa, kidude cha kuipa kompyuta ya gari habari za injini. "Hiki ndicho kilichotuchelewesha," anasema, "kidogo hivi." Nilitamani nimfungie humo ndani ya boneti.

Severa alirudi Dar kwa basi, na hakushukia kwake Ilala. Alikuja kwangu Mchafukoge na begi lake, akapanda ngazi zote hadi juu bila kupumzika, akaniambia, "Fortunata, nitakaa hapa." Dukani hakwenda tena. Duka likaanza kuonekana halina mama: vumbi kwenye mabeseni, bei zinatajwa kwa kubahatisha.

Theophil alikuja. Alikuja sana. Anakaa kwenye kochi langu, anakunywa chai yangu, na anaeleza. Kwanza ilikuwa sensa. Kisha mafuta ya kituo fulani cha Korogwe. Kisha joto. Kisha, na hapo nilisimama nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, ikawa ni yule mjukuu mlevi wa Ohio, maana asingeuza hisa kampuni isingebadilisha nyaya.

Siku moja nilimshika ngazini. "Shemeji, nakuomba. Acha habari za Marekani. Sema tu ulikosea."

"Nilikosea nini, shemeji, na aliyezima ni gari?"

Dada yangu naye alikuwa ameshaniambia msimamo wake, waziwazi, huku anachambua mchele. Lile gari kuzima hakumdai. Gari ni chuma. Alichokuwa anakisubiri ni Theophil atamke kwa mdomo wake kile alichokifanya Mombo. "Akisema, narudi nyumbani kwangu hata leo. Asiposema, mwanangu Aaron atanitafutia chumba, nitazeeka peke yangu. Siwezi kulala na mtu ambaye bado ananieleza." Nikajua hatanii. Severa si mwanamke wa kurudia maneno.

Ndipo siku moja mchana mlango ukagongwa. Ni mzee Chandu, anahema kwa zile ngazi, kashika boksi la filta ya oili.

"Shikamoo, mzee Chandu," Severa akamwamkia.

"Marahaba, mama. Theophil amenituma. Amesema nikupe hiki, na amesema usikikatae." Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na jani moja refu la kijani, limeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa. "Mimi nimemuuliza, hii ni mboga au dawa? Akasema wewe utajua."

Lilikuwa isale. Kwa asiye Mchaga nieleze. Isale ni jani tunalopanda mipakani na makaburini, na ndilo jani letu la kuombea msamaha. Mtu akikukosea, hata awe amemwaga damu ya nduguyo, akikujia na isale mkononi huruhusiwi kumkatalia. Wazee hawana mzaha na jambo hilo. Lakini lina adabu yake. Unakuja nalo mwenyewe, au unamtuma mzee wa ukoo, na linakuja pamoja na maneno: nilifanya hivi na hivi, nisamehe. Theophil alijua kabisa kwamba mzee yeyote wa ukoo angemuuliza kwanza, "Ulifanya nini?" Kwa hiyo akamtafuta mjumbe pekee mjini hapa asiyejua kuuliza. Akamtuma Mhindu wa Gerezani, na jani ndani ya boksi la filta.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikapandwa na hasira, kwa sababu niliona ujanja wake. Alikuwa anataka kusamehewa bila kusema kosa, na mila imemfunga mikono dada yangu. "Usilipokee," nikamwambia. "Hilo si isale, hiyo ni spea."

Severa hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili, maana ndivyo linavyopokewa. Akalitazama kwa muda. Mzee wa watu Chandu amesimama, hajui kama aage au akae, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna tatizo? Limeharibika?"

"Mzee wangu," Severa akasema, "mwambie nimelipokea. Ila mwambie hili si langu. Aliyekosewa yuko Kibosho. Basi lilinipita mimi, lakini aliyeachwa anasubiri ni baba. Mwambie tutampelekea wote wawili, na tutaenda kwa basi."

Chandu akafunga boksi lake tupu. "Hilo la basi," akasema, "nitamwambia kwa furaha kabisa."

Nilikwenda nao. Hakuna aliyenialika, ila sikumwamini hata mmoja wao. Theophil tulimkuta stendi ya Mbezi amevaa suti yake ya kanisani, kashikilia tikiti kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake. Tulipotoka Kibaha akageuka kwetu, akasema, "Mnajua, injini ya basi kama hili..." Severa akamwangalia. Akafunga mdomo. Nilifikiri ataanza tena baada ya Chalinze, hakuanza. Dada yangu alilala. Alilala usingizi mzito, mdomo wazi, kichwa kimeegemea dirisha, huku malori yakipitwa bila yeye kusema subiri. Mombo basi likasimama watu wale chakula. Theophil hakushuka. Alikaa anatazama nje, upande ule wa barabara, na mimi kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, jambo lililonikera zaidi.

Kibosho mama alitupokea mlangoni. Hakutuuliza tumekuja na nini, aliliona jani mkononi mwa Severa. Akatuonyesha njia kwa kidevu, kama vile hatuijui, tukapita kati ya migomba mpaka kwenye kaburi. Udongo ulikuwa umeshatulia na majani yameanza kuota pembeni. Severa akampa Theophil lile jani, akarudi nyuma hatua moja.

Theophil alisimama. Akakohoa. Akanyoosha tai yake. "Baba," akaanza, "gari lili..."

Nikamwona Severa amefumba macho. Nilijua kabisa kwamba kama neno linalofuata ni sensa, mimi na dada yangu tutarudi Mchafukoge, na mambo yatakuwa yamekwisha kweli. Nilitaka nimsaidie. Nilitaka nimpige.

"Baba," Theophil akaanza upya, na sauti haikuwa ile ya kusimulia. "Basi lilisimama. Nafasi ilikuwepo. Mama Aaron alikuwa ameshanyanyua begi lake, angefika kwako Ijumaa ile ile. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Fundi hakuwa anamalizia chochote, fundi alikuwa amekata tamaa. Niliogopa kubaki pale barabarani peke yangu na lile gari, watu wakinicheka. Nikamzuia mwanao kwa sababu hiyo tu. Hakuna sababu nyingine."

Akapiga magoti na suti yake, akalichomeka jani kwenye udongo upande wa kichwani, akashindwa kuinuka. Alikuwa analia kama wanavyolia wanaume wasiozoea, bila kujua pa kuweka mikono. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mpaka Krismasi, na hasira yenyewe sikuiona ilikokwenda.

Severa akasogea. Akapita pembeni yake bila kumgusa, akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaunyunyiza juu ya kaburi taratibu, mpaka kiganja kikawa kitupu. Kisha mkono huo huo wenye udongo akauweka kwenye bega la mume wake.

"Shikamoo, baba," akasema. "Tumechelewa."